Rafiki Anadaiwa Sababu

Katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na katika nyumba za watumishi waliohamia makao makuu tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kulitekeleza kwa dhati azimio la mwaka 1973 la kuhamia Dodoma, kuna kazi inayofanyika kila uchao bila risiti wala mkataba. Mtu anampelekea rafiki yake anayejua kompyuta mashine iliyogoma. Mfumo endeshi ulisakinishwa ukaishia njiani, au ulikamilika lakini mashine inajizima na kujiwasha bila kufika popote, au skrini ya bluu inatokea kila baada ya muda mfupi. Anayejua anaipokea, anaitazama kidogo, na mara nyingi jibu lake ni lile lile: atapiga Windows upya. Mashine inarudi kwa mwenyewe ikiwaka, shukrani zinatolewa, na hakuna anayeuliza tena ilikuwa na nini. Swali ninalotaka kulijadili ni la maadili kabla ya kuwa la ufundi. Aliyepokea mashine ya rafiki yake anadaiwa mashine inayowaka tu, au anadaiwa pia kutafuta na kusema kilichoiharibu? Nashikilia kwamba anadaiwa sababu, na kwamba deni hilo linabaki hata pale ambapo mashine yenyewe imeshindikana kupona.

Anayeliona suala hili kuwa dogo atazame kwanza jinsi dalili moja inavyoweza kutoka katika vyanzo visivyofanana hata kidogo. Usakinishaji unaokwama katikati unaweza kuwa umeletwa na faili lililopakuliwa nusu kwa sababu bando liliisha au mtandao uliyumba. Ndiyo maana Microsoft na watengenezaji wa Ubuntu huweka hadharani namba ya uhakiki ya SHA-256, ili mpakuaji ailinganishe na ya faili alilo nalo kabla hajalitumia. Unaweza kuwa umeletwa na flashi ya bei poa iliyoandikwa GB 64 kwa nje ilhali nafasi iliyomo ni sehemu ndogo tu ya hiyo, ikipokea data na kuipoteza kimya kimya. Unaweza kuwa umeletwa na RAM yenye kasoro, ambayo programu ya Memtest86+ huigundua ikiachwa ifanye kazi usiku kucha. Au na diski inayoelekea kufa, ambayo yenyewe huhesabu sehemu zake mbovu na kuziweka katika kumbukumbu za SMART kwa yeyote anayejua kuzisoma. Au na umeme uliokatika huku betri imechoka. Au na vumbi. Dodoma hupata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, na katika miezi mirefu ya kiangazi upepo hubeba udongo laini unaoziba feni, hadi mashine ipate joto la kujizima katikati ya kazi. Tena kuna hali ambayo si ubovu kabisa. Kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea huiendesha diski kupitia utaratibu uitwao VMD, na kisakinishi cha Windows kisipopewa draiva yake hudai kwamba hakioni diski yoyote. Asiyelijua hilo humwambia mwenye mashine kwamba diski imekufa, na maskini yule anakwenda kununua nyingine huku ya kwanza ikiwa nzima.

Kufuta na kusakinisha upya huzijibu sababu zote hizi kwa jibu moja, na hapo ndipo ubaya unapoanza. Kama kosa lilikuwa la faili bovu, flashi nyingine itaponya kweli. Kama ni RAM, mashine itatulia siku chache kisha irudie yale yale. Kama ni diski inayokufa, kuiandika yote upya ni kuiongezea mzigo katika saa zake za mwisho, halafu mwenyewe atairudishia kazi yake akiamini kwamba tatizo limekwisha. Lakini kuna jambo zito kuliko hayo. Windows, inaposhindwa kusakinishwa, huandika habari za kushindwa kwake katika folda iitwayo Panther, hatua kwa hatua, pamoja na namba za makosa; Ubuntu nayo hutunza kumbukumbu za usakinishaji wake. Anayefuta diski kabla ya kuzisoma amefuta ushahidi pamoja na tatizo. Na siku hizi kufuta ni kufuta kwelikweli. Katika diski za zamani zinazozunguka, kufomati kwa haraka kuliondoa orodha ya mafaili tu, na mafaili yenyewe mara nyingi yaliweza kuokolewa na mtaalamu mwenye subira. Katika diski za SSD, amri ya TRIM huiarifu diski kwamba nafasi ile haina mwenyewe tena, na kwa kawaida baada ya muda mfupi hakuna wa kuirudisha data iliyokuwapo. Mazoea ya ufundi yaliyojengwa juu ya diski zenye kusamehe yamehamishiwa kwenye diski zisizosamehe, na sidhani kama wengi wanaosaidia rafiki zao wamelitafakari badiliko hilo inavyostahili. Tasnifu ya mwaka mzima, picha za marehemu mzazi, hesabu za kikoba cha akina mama: vyote hivi huwa ndani ya mashine inayopokelewa kwa maneno mawili ya mlangoni.

Watu wa uwanda huu wa kati wana uzoefu mrefu wa kushika mali ya rafiki. Wagogo wamekuwa wakigawanya ng'ombe wao kwa marafiki na jamaa wa vijiji vingine, ili ukame au maradhi yasimalize zizi zima kwa pigo moja. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1969, alionyesha jinsi ng'ombe na mahusiano ya watu yalivyofumwa pamoja katika nchi hii. Aliyekabidhiwa hunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake hubaki mali ya mwenyewe. Kinachogusa hoja yangu ni kile kinachotakiwa ng'ombe anapokufa. Miongoni mwa wafugaji wengi wa Afrika Mashariki aliyekabidhiwa haendi kwa mwenye mali na habari tupu. Huenda na ngozi. Ngozi haimfufui ng'ombe, wala si malipo yake. Inasema kwamba ng'ombe huyu ni yule yule, amekufa kweli wala hakuuzwa, na pengine inaonyesha amekufaje. Kitabu cha Kutoka, ambacho Waanglikana wa Dayosisi ya Central Tanganyika wamekisoma hapa tangu dayosisi yao ianzishwe mwaka 1927, na Wakristo wengine pia, kina sheria inayokaribiana na hiyo katika sura ya 22: mtu akimtunzia jirani yake mnyama, na mnyama akararuliwa na mnyama wa porini, mtunzaji alete mabaki yawe ushahidi, naye hatalipa. Tuutazame mpangilio wa sheria hiyo. Haimtaki mtunzaji awe na nguvu kuliko simba. Inamtaka aonyeshe kwamba aliyemuua mnyama alikuwa simba. Anayesamehewa malipo anasamehewa kwa sababu ameleta ushahidi, na asiyeuleta hana cha kumtetea hata kama simba alikuwapo.

Kwa upande wa Waislamu, mlango wa amana katika fiqhi ya Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea Tanzania, hautofautiani na hilo katika msingi wake. Anayeshika amana hailipi ikiharibika mikononi mwake maadamu hakuvuka mipaka wala hakuzembea. Ila Imamu Nawawi, katika kitabu chake cha Minhaji, kinachosomeshwa miaka mingi katika madarasa ya pwani na bara, anauanza mlango huo kabla hata amana haijapokelewa: asiyeweza kuihifadhi ni haramu kwake kuipokea, na anayeweza lakini hajiamini katika uaminifu wake, kwake ni makuruhu. Naliona hili kuwa na uzito mkubwa katika mjadala wetu, kwa maana linaturudisha nyuma hadi mlangoni, pale mtu anapoinua mkono kuipokea kompyuta. Kosa la kwanza linaweza kutendeka kabla ya kuibonyeza hata batani moja. Kijana aliyejifunza kusakinisha kwa kutazama video, ambaye hajui kuhamisha mafaili kwa kuwasha mashine kupitia flashi ya Ubuntu kabla ya kugusa diski, hajakatazwa kujifunza. Amekatazwa kujifunzia juu ya mali ambayo mwenyewe anadhani iko katika mikono salama.

Pingamizi la kwanza ambalo yeyote anayewasaidia rafiki zake atalitoa ni kwamba msaada ni wa bure, na wa bure haudaiwi. Nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa vijana wanaojua kompyuta kweli huchoshwa. Kila jamaa na kila jirani ana mashine yake, na wengi hudhani kwamba ujuzi hauna gharama kwa vile hauonekani. Lakini pingamizi hilo linachanganya madeni mawili. Lipo deni la fidia na lipo deni la maelezo. Ubure wa msaada unalipunguza la kwanza, na ni haki lipungue: ni dhuluma kumlipisha diski mtu aliyekesha kwa hisani. La pili ubure haulifikii. Kutunza amana kwa asili yake ni tendo la hisani, na bado hakuna mapokeo, si ya Kutoka wala ya Minhaji, yaliyosema kwamba kwa kuwa mtunzaji hakulipwa basi asihojiwe kilichotokea. Ningesema hata zaidi. Aristotle aliona kwamba manung'uniko huzuka hasa katika urafiki wa kunufaishana, na ni haba pale watu wanapopendana kwa wema wao. Mteja wa dukani atagomba, rafiki atanyamaza. Atapoteza picha zake na kusema si kitu, Mungu ataleta nyingine, kwa sababu hataki kumhuzunisha aliyemsaidia. Ukimya wake basi hauwezi kutumika kama ushahidi kwamba ameridhika, na asiyeweza kudai ndiye anayestahili kupewa kabla ya kudai.

Pingamizi la pili linasema rafiki hataki sababu. Anataka aandike barua yake, na ukimwambia habari za VMD na sehemu mbovu za diski utamchosha bure. Ni kweli hahitaji somo zima. Lakini sababu si pambo la kielimu. Ndiyo inayomwezesha kuamua. Akiambiwa kwamba diski imeanza kufa, ataweka nakala ya kazi yake mahali pengine na kuanza kudunduliza fedha za diski mpya. Akiambiwa ni vumbi, ataisafisha feni kila kiangazi. Akiambiwa kwamba mashine yake imefungwa kwa BitLocker na haitafunguka bila namba ya tarakimu 48 ambayo huenda iko katika akaunti yake ya Microsoft, ataitafuta namba hiyo badala ya kukubali kufutiwa. Hata idhini ya kufuta, ambayo wasaidizi wengi huiomba kwa swali la haraka kama kuna kitu muhimu humo, si idhini kamili mpaka mwenyewe ajue kama kufuta kunahitajika. Mtu hawezi kukubali kwa hiari kupoteza kitu kwa ajili ya tiba ambayo hakuna aliyethibitisha kwamba inatibu ugonjwa wake.

Ulimwengu ulipata mfano mkubwa wa jambo hili tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro la programu yake ya usalama, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka kwa skrini ya bluu. Ndege zikabaki viwanjani na hospitali zikaahirisha huduma. Kwa macho ya mtu aliyesimama mbele ya moja ya mashine hizo, mfumo endeshi ulikuwa umekufa. Sababu ilipojulikana, tiba kwa mashine nyingi ilikuwa kuiwasha katika hali ya usalama na kufuta faili moja. Mwenye mazoea ya kupiga Windows upya angeiponya mashine ile pia, na angeteketeza kila kilichokuwamo kwa ajili ya faili moja. Na mwezi uliofuata kampuni ilichapisha uchambuzi wa chanzo cha tatizo, kwa sababu wateja hawakutosheka kuambiwa kwamba sasa zinawaka. Tunachowadai matajiri wa mbali hatuna sababu ya kukiona kizito mno kwa rafiki wa karibu.

Mtu wa ofisini atanijibu kwamba katika taasisi kubwa wataalamu hufuta na kusakinisha upya kila siku, tena ndiyo busara, kwani saa tatu za uchunguzi ni ghali kuliko dakika ishirini za kurudisha nakala iliyo tayari. Nakubaliana naye, na kukubaliana huko hakuivunji hoja. Mahali ambapo kazi za watu zinahifadhiwa kwenye seva na mfumo una nakala iliyoandaliwa, mashine imeshatengwa na amana. Kuifuta ni kufuta chombo kitupu. Taasisi hiyo imelipa gharama ya uangalifu mapema, kabla ya tatizo. Kompyuta ya mwanafunzi wa bwenini haina seva nyuma yake. Kuiga kasi ya taasisi bila kuiga maandalizi yake ni kuchukua nusu ya hekima, na nusu hiyo ndiyo yenye madhara.

Kuna pingamizi la kidini ambalo husemwa kwa upole zaidi kuliko hayo yote, na kwa hiyo hupita bila kujibiwa: ni kadari, mashine imefika siku yake, tusimtafute mchawi. Wapo watakaoongeza kwamba kushikilia mno sababu ni kumsahau Msababishaji. Wachache wameitetea enzi ya Mungu juu ya sababu kama Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye alisema kwamba moto hauiunguzi pamba kwa ulazima wake wenyewe. Ni Mungu anayeumba kuungua pale moto unapokutana na pamba. Lakini huyo huyo hakusema tuweke pamba motoni na kungoja. Alifundisha kwamba Mungu ameuendesha ulimwengu kwa desturi, na ametuumbia ujuzi wa desturi hiyo ili tuishi nayo. Kwa mtazamo huo, kusoma kumbukumbu za SMART ni kuisoma desturi aliyoiweka Mwenyezi katika chuma na sumaku. Kadari inaeleza kwa nini hatupaswi kuvunjika moyo diski ikifa. Haielezi ni kwa nini hatukuitazama. Kumtaja Mungu mahali ambapo mtu amekataa kuchunguza ni kulitumia jina Lake kufunika uvivu, na dini zote mbili zilizojenga misikiti na makanisa ya mji huu zinalikemea hilo.

Linalobaki ni gumu kuliko yote, nalo ni aibu. Mara nyingi sababu ya kweli inamgusa mtu. Windows haikuwa halali, na programu ya kuvunja kufuli yake ndiyo iliyoingiza kirusi. Au mwenyewe alizima mashine kwa nguvu katikati ya sasisho. Au, na hili hutokea zaidi ya linavyokiriwa, msaidizi mwenyewe ndiye aliyesakinisha vibaya mara ya kwanza. Maadili yetu yanathamini sitara, na anayefungua diski ya mwenzake huona mengi yasiyomhusu: barua, picha, madeni. Hayo ni siri na yazikwe. Lakini sababu ya ubovu si siri ya mtu. Ni habari ya mali yake, na kumficha ni kumwacha arudie njia ile ile. Mipaka ya sitara imepita hapo: yale ya mwenye mashine yasimfikie mtu mwingine, na yale ya mashine yamfikie mwenyewe yote. Ikiwa kosa ni la msaidizi, basi kwake ngozi ina uzito maradufu, kwa kuwa ndiye pekee anayeweza kuificha bila kugunduliwa. Nakala isiyo halali nayo itajwe bila kuhubiri. Mwanafunzi aliyeitumia mara nyingi hakuwahi kuambiwa kwamba Ubuntu ni bure na halali, wala kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mashine isiyotimiza masharti ya Windows 11 inahitaji uamuzi na si viraka.

Na ikiwa sababu haikupatikana? Hutokea, hata kwa mabingwa, na anayesema deni la sababu haliwezekani kulipwa ana haki katika kiasi hiki: hakuna anayedaiwa kujua kila kitu. Anachodaiwa ni hesabu ya alichotafuta. Msaidizi aliyenakili mafaili kwanza, akapima, kisha akasema, "RAM nimeipima usiku kucha, haina tatizo, diski haina sehemu mbovu, faili la kusakinishia nimelihakiki, ni zima, kwa nini inakwama pale pale sijajua, na sijafuta kitu," amelipa deni lake lote, ingawa kompyuta anayoirudisha haiwaki. Mwenyewe ataweza kuipeleka kwa fundi mwingine mjini, naye fundi huyo ataanzia pale mwenzake alipoishia.